Nusu ya Daftari

Picha ilikuwa moja tu, imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa ya studio, na Inspekta Mwantum aliiweka juu ya meza polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Daftari hili unalifahamu, dada Brenda?"

Brenda hakuigusa. Alikuwa mdogo kati ya washauri wawili wa Kituo cha Upole, nyumba ya bati jekundu iliyojificha mitaa ya nyuma ya Mawenzi. Shahada yake ilining'inia ukutani, na mezani kalamu tatu za rangi zilikuwa zimelala sambamba.

"Kabla sijajibu, na mimi niulize. Mwenye daftari amekubali?"

Mwantum alifungua mkoba akatoa karatasi ya pili. Gladness alikuwa ameiandika asubuhi ile ile, mahabusu ya polisi, kwamba anamruhusu mshauri wake kusema kila anachokijua. Kulikuwa na sahihi, na chini ya sahihi alama ya dole gumba, kwa kuwa Mwantum hakupenda kubahatisha. Brenda aliisoma mara mbili.

"Ni la Gladness. Mwandiko ni wake. Hii alama ya kijani ni yangu, niliitia Alhamisi."

"Nisomee, tafadhali. Kwa sauti."

Brenda alisogeza miwani. "'Tukio: Jumanne, mama mkwe amempa Eliza ufunguo wa stoo. Fikra iliyonijia: ningemtilia dawa ya kupe kwenye maziwa, tuone huo ufunguo utamsaidia nini. Hisia: wivu. Tisini kwa mia.'" Alisukuma picha mbali. "Mungu wangu. Hii ndiyo mliyopelekewa?"

Ndiyo hiyo. Jumapili asubuhi, kule Machame, Elizabeth alikunywa kikombe cha maziwa yaliyokamuliwa kwa ng'ombe wa Gladness, mke wa kaka wa mumewe, akaanguka mlangoni. Hospitali walisema ni dawa ya kupe, ya kuogeshea ng'ombe. Mpaka leo Jumanne alikuwa hajaweza kutamka neno. Jumatatu saa tatu asubuhi bahasha isiyo na jina ilikutwa kaunta ya polisi, na picha ndani yake. Ilipofika saa sita, Gladness alikuwa amekamatwa.

Alichojitetea nacho kilikuwa kifupi. Chupa ya dawa ilikuwa yake, hakukataa. Lakini Jumatano iliyopita, siku nne kabla Elizabeth hajaanguka, aliitoa kwake akaipeleka nyumbani kwa mama mkwe, na Jesse, mume wa Elizabeth, akaipokea na kuifungia stoo. Jesse alipoulizwa alisema hajawahi kuiona chupa hiyo mpaka polisi walipoitoa stoo. Mama mkwe, mwenye miaka themanini na sita, siku hizi alimwita Jesse kwa jina la marehemu mumewe. Hakuweza kuwa shahidi wa chochote.

"Niliandika," Gladness alisema na kurudia. "Someni daftari."

"Tumeshalisoma," alimjibu Afande Jackson, mkuu wa upelelezi, akampungia ile picha. Kisha akamgeukia Mwantum. "Mtu kaandika kwa mkono wake mwenyewe atakavyoua. Unataka akuandikie na barua ya posta?" Shitaka la kujaribu kuua lingesomwa saa saba mchana. Gari la mahabusu lingeondoka kituoni saa sita na nusu. Mwantum alipewa mpaka hapo, basi.

Saa ya ukutani kwa Brenda ilisema saa nne na robo.

"Kwa nini mtu aandike jambo kama hili?" Mwantum aliuliza.

"Kwa sababu mimi nilimwambia aandike." Brenda alivua miwani. "Natumia tiba ya fikra na mwenendo. Kwa maneno ya jikoni ni hivi: tukio peke yake halikuumizi, linakuumiza unavyolitafsiri. Mama mkwe katoa ufunguo. Mmoja atasema, afadhali, nimepungukiwa na kazi. Mwingine atasema, nimekataliwa. Sasa huyu wa pili namwambia aandike tukio, aandike fikra iliyomjia hata kama ni ya aibu, na hasa kama ni ya aibu, kisha apime hisia kwa mia. Halafu ile fikra anaipandisha kizimbani. Ushahidi gani unaiunga mkono? Upi unaipinga? Anaandika fikra nyingine yenye haki zaidi. Mwisho anaandika alichofanya."

Mwantum alikuwa akihesabu kwa vidole. "Tukio, fikra, hisia. Ushahidi wa kuunga, wa kupinga. Fikra mpya. Alichofanya. Saba."

"Saba."

"Hapa naona safu tatu."

Brenda aliivuta picha karibu. "Saba hazienei ukurasa mmoja. Tunalifungua daftari lote. Tatu kushoto, nne kulia."

Mwantum aliinamisha picha kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa kulia kulikuwa na kivuli chembamba cha mkunjo, na mistari iliyopigwa kwa rula haikuishia pambizoni; ilikuwa inaendelea, ikakatwa na ukingo wa picha.

"Na huo upande wa kulia ulisema nini?"

Brenda alivaa miwani tena. "Sijui. Siku ile watu sita walikuwa wananisubiri barazani. Tulisoma naye kushoto, muda ukaisha. Nikaangalia tu kwamba amejaza kote, nikatia alama. Kulia tungesoma pamoja Alhamisi hii." Alinyanyuka. "Lakini lipo. Gladness hakutaka likae nyumbani, watu wa kule wanafunua kila kitu. Namtunzia mwenyewe hapa."

Alifungua kabati la chuma kwa ufunguo wa shingoni. Madaftari yalisimama kwa herufi. Kidole chake kilipita, kikarudi, kikapita tena.

"Halipo," alisema.

"Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Mimi, Mwalimu Elisifa wa mlango wa pili, na Mektrida anayetufanyia usafi." Kisha kama aliyekumbuka: "Ijumaa Daniel alikuja hapa. Mume wa Gladness. Alipiga kelele kwamba mkewe anasimulia mambo ya ukoo kwa watu wa mjini, anataka faili lake. Mtafute yeye, Inspekta. Mimi ningeanzia hapo."

Mwantum aliandika jina la Daniel, akachora alama ya kuuliza mbele yake, akaomba kuzunguka nyumba.

Mektrida alikuwa barazani, kanga kiunoni, anakwangua tope kwenye ngazi. Mvua ya masika ilikuwa imechoka na kuwa manyunyu. Mbele ya kila mlango wa mshauri kulikuwa na viatu vya wateja, maana sakafu za Mektrida hazikukanyagwa na tope la mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua na wewe, afande au si afande."

Mwantum alivua. "Huyu Daniel aliyekuja Ijumaa. Aliingia chumba gani?"

"Aingie wapi? Nilimkalisha pale kwenye benchi, nikampa maji, akanywa, akalia kidogo, akaenda zake. Mwanaume akifoka mpe maji. Hawezi kumeza na kufoka."

"Ufunguo wako ulikuwa wapi?"

Mektrida alijipiga kifuani. Kitu kikalia chini ya blauzi. "Naogea nao."

Mwantum alitazama viatu. Mlangoni kwa Brenda kulikuwa na jozi tano, moja ikiwa gambuti za mtu wa shamba. Mlango wa pili ulikuwa na jozi moja, viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa kiwi.

"Huyu mteja wa Mwalimu amechelewa kutoka?"

"Mteja gani? Hivyo ni vyake mwenyewe." Mektrida alishusha sauti. "Zamani hapa viatu vilikuwa vinafika getini. Siku hizi kila asubuhi anatoka, anasimama hivi, mikono nyuma, anahesabu. Vya kule, halafu vya kwake. Nikamwambia, Mwalimu, viatu haviendi kanisani, vya nini kuhesabiwa? Hakucheka. Wiki ya pili sasa anaacha vyake hapo nje, ili pasionekane pamekauka."

"Na Jumatatu asubuhi alikuja saa ngapi?"

"Alikuja mapema, akatoka tena. Saa mbili hivi. Alisema anakwenda studio, picha ya pasipoti." Alikwangua ngazi mara mbili, akasita. "Sasa mzee wa miaka sitini na nne, anakwenda nchi gani?"

Mwalimu Elisifa alifungua mlango kabla hodi haijaisha. Alikuwa mrefu, mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la mwisho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa popote. Viti vyote ni sawa."

Vilikuwa viwili, vimetazamana, vya mbao, na sehemu za kukalia zimesukwa kwa kamba ya katani. Chumba hakikuwa na kitu kingine isipokuwa boksi la karatasi laini kwenye kizingiti cha dirisha. Mwantum alikaa kile cha karibu na dirisha. Kabla hajakaa aliona kwamba uzi mmoja wa kamba ulikuwa umekatika siku za nyuma, ukaungwa kwa kipande cha nailoni cha bluu.

"Huna meza, Mwalimu."

"Meza ni ukuta. Mtu akija na mzigo hupandi juu ya ukuta ukamtazama. Mimi simfundishi, simpi kazi ya nyumbani, simpimi kama unga. Yeye ndiye katikati. Anaongea, namsikiliza bila kumhukumu, namrudishia alichosema ili ajisikie. Jibu lake analo ndani. Ukimheshimu vya kutosha, litatoka."

"Gladness alikuwa wako."

"Mwaka mmoja na nusu. Kisha akahamia mlango wa pili. Ni haki yake."

"Ulilichukua daftari lake kabatini?"

"Nasikia katika sauti yako kwamba muda unakubana."

"Ufunguo unao."

"Unajiuliza kama mwenye ufunguo lazima awe amefungua."

"Jumatatu ulikwenda studio."

"Inaonekana ni muhimu kwako kujua watu wanakwenda wapi."

Mwantum alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe na makarani wa vyama vya kahawa, na hakuna hata mmoja aliyemrudishia maswali yake yakiwa yamekunjwa vizuri namna ile. Alitazama saa ya mkononi. Saa tano na dakika ishirini. Akafunga kijitabu chake, akatia kalamu mkobani, akaweka mikono mapajani, akanyamaza.

Manyunyu yaligeuka mvua juu ya bati. Elisifa alimtazama, akatazama dirisha, akamtazama tena.

"Umenyamaza."

"Nakusikiliza, Mwalimu."

"Sina la kusema."

"Huna la kusema."

Kona ya mdomo wa mzee ilicheza. "Hiyo kazi unayoifanya ni yangu."

"Naifanya vibaya?"

"Si vibaya. Unaegemea mbele mno. Mtu atadhani unamvizia."

Mwantum aliegemea nyuma. Dakika nzima ikapita, ikafuatwa na nyingine. Mlango wa pili mtu alicheka, kicheko cha mwanamke, kirefu, na Brenda akacheka naye. Elisifa aligeuza shingo upande ule kama mtu aliyeguswa jino.

"Unasikia?" alisema.

"Wanacheka."

"Wanacheka. Kwangu walilia. Kulia ni kazi, Inspekta, mtu akilia kitu kinatoka. Huyo Gladness nilimjua mpaka jina la ng'ombe wake. Nilijua siku mama mkwe aliyomwangalia vibaya mwaka alioolewa. Sikumkatiza hata mara moja. Mwaka na nusu. Kule akapewa daftari la shule na rula. Wiki sita." Alinyoosha vidole sita, akavitazama. "Wiki sita, nikamkuta barazani anacheka. Akaniamkia vizuri sana, kama mtu anavyomwamkia mlinzi."

"Ilikuuma."

"Iliniuma. Nilisema, hawezi kuwa amepona. Amefunikwa tu. Hesabu za darasani haziwezi kuponya moyo. Nilitaka kuona ni nini hicho wanachoandika." Alifumbata mikono. "Mtu amekaa hapo ulipokaa miaka kumi na tisa. Watu mia nne na zaidi. Hakuna aliyewahi kunigeuzia swali."

Mwantum alisimama. Aliitoa picha mkobani akailaza juu ya kiti alichokuwa amekalia. Kwenye kona ya chini, pale daftari lilipoishia, ilionekana kamba ya katani iliyosukwa, na kati yake kipande cha nailoni cha bluu. Kilifanana na kile cha kwenye kiti.

"Dada Brenda angelipiga picha mezani," alisema. "Daniel aliishia kwenye benchi la mbao. Ni chumba hiki tu ambacho mtu akitaka kulaza daftari hana pa kulilaza ila kiti."

Elisifa hakubisha. Alivuta mkoba wake wa Biblia kutoka nyuma ya mlango, akatoa daftari la jalada gumu, akalishika kwa mikono miwili.

"Nililichukua Ijumaa. Jumapili baada ya ibada tukatangaziwa habari za Elizabeth, tuwaombee. Nikasema, tazama, ndilo hilo. Ndiyo matunda ya kumwambia mtu aandike ubaya wake. Jumatatu nikalipiga picha kwa simu, studio wakaichapa. Nilidhani nasaidia polisi. Kweli, saa ile nilidhani hivyo."

"Upande wa kulia uliusoma?"

"Niliusoma Ijumaa."

"Na hukuupiga picha."

"Soma," alisema. "Utaona kwa nini."

Mwantum alisoma akiwa amesimama. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena kwa mwendo ule ule. Kisha alifungua mlango akamwita Brenda. Saa ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Simu iliita mara nane kabla ya Afande Jackson kupokea. Mwantum aliweka spika.

"Mwantum, gari limewashwa."

"Daftari ninalo, Afande. Nusu ya pili. Ina tarehe ya Jumatano, siku nne kabla ya tukio, na alama ya mshauri ya Alhamisi."

"Unasema? Sikusikii. Mvua huko au ni wewe na sauti yako ya kubembeleza watoto?"

"Nusu ya pili, Afande."

"Tafuta mtu mwenye koo anisomee. Neno kwa neno, naandika. Asiruke kitu, wakili akiniambia nimeruka nitakutafuta wewe."

Brenda alinyoosha mkono. Macho yake yalikuwa tayari yamemwona Elisifa na mkoba wake wa Biblia ulioachwa wazi, na yalikuwa hayajajua yafanye nini. Mwantum alimpa, Brenda akatazama safu ya tatu, uso ukabadilika, akalifunga.

"Mwalimu," alisema kwa upole. "Hili sikulijua. Sijawahi kumwambia aandike hivi."

"Najua hukumwambia," alisema Elisifa. "Lete. Nisome mimi."

"Si lazima uwe wewe."

"Amesema mwenye koo."

Alilipokea daftari, akasogea mpaka karibu na simu, akanyoosha mikono mbali na macho kama wazee wanavyosoma.

"'Ushahidi unaounga mkono: mama amempa Eliza ufunguo, na mimi niliyemwogesha miaka kumi na mmoja hakunipa.'"

"Endelea," ilisema simu.

"'Ushahidi unaopinga: Eliza ni mke wa kitindamimba, na kitindamimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya mama. Hiyo ni desturi ya kihamba, shamba letu la ukoo, haikutungwa kwa ajili yangu. Nilipojifungua kwa kisu, Eliza ndiye aliyekata nyasi za ng'ombe wangu wiki tatu. Hakudai asante.'"

"Endelea."

Elisifa alilisogeza daftari mbali zaidi na macho. Mvua ilisikika. Mwantum hakumtazama, alitazama kiganja chake mwenyewe. Jackson alitaka neno kwa neno, na hapakuwa na namna ya kufika safu ya mwisho bila kupita ya tatu.

"Mmekata simu?" aliuliza Jackson.

"Hapana," alisema Elisifa. "'Fikra yenye haki zaidi: kwa Mwalimu Elisifa nilikaa mwaka na nusu, alinisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote duniani, na kila mara nilirudi nyumbani na wivu wangu ule ule, kwa kuwa nilikuwa naupeleka kwake ukatunzwe. Wivu ni wangu. Eliza hakunikosea.'"

Alisoma yote kwa sauti moja, ile ya dawati la mwisho, na alipomaliza hakushusha daftari.

"Naandika," alisema Jackson. "Huyo Elisifa ni nani?"

"Ni mimi."

Upande wa pili kalamu ilisimama. Kisha: "Haya, Mwalimu. Endelea."

"'Nilichofanya: leo Jumatano jioni nimeitoa chupa ya dawa ya kupe nyumbani kwangu. Sitaki iwe karibu nami nikiwa na mawazo haya. Nimempelekea mama, Jesse akaipokea mbele yangu, akaifungia stoo kwa ufunguo wa Eliza. Akaniuliza inachanganywaje na maji, nikamweleza. Wivu sasa: arobaini.'"

Upande wa pili karatasi ilifunuliwa.

"Rudia hapo kwa Jesse."

"'Jesse akaipokea mbele yangu. Akaniuliza inachanganywaje na maji.'"

Walimsikia Jackson akisukuma kiti, akafungua dirisha, akamwita dereva kwa jina. Akamwambia azime gari, Gladness arudishwe kaunta apewe kiti, kisha ageuze gari, waende Machame.